Miguu ya Baba Ng'ambo ya Mstari

Mangobo, mtaa wetu, ilikatwa kama sabuni. Ndivyo ninavyoiona nikifumba macho: mche mrefu wa sabuni ya mawese umelazwa mezani, mtu anapitisha waya, anapitisha tena, na kila kipande kinachoanguka kinafanana na kilichotangulia. Avenue zilinyooshwa zikapewa namba. Kati ya avenue na avenue vikawekwa viwanja vilivyolingana, kila kimoja na kona nne na namba yake. Viwanja hivyo ndivyo tunaviita parsele. Mtu akikuuliza unakaa wapi, hutamwambia uko karibu na nani. Utamtajia namba ya avenue, kisha namba ya parsele, naye atafika bila kuuliza njia, hata kama hajui wewe ni mtoto wa nani.

Waliokata ni Wabelgiji, kabla sijazaliwa. Utotoni sikuwachukia kwa hilo. Nimeamua kusema ukweli wote humu, kwa hiyo naanza na huu: nilizipenda zile kona. Mimi ni mtu ambaye hawezi kulala mkeka ukiwa umepinda. Nguo nikiikunja na ncha zisikutane, naikunjua na kuanza upya. Ukurasa huu wenyewe nimeuandika na kuuchana hata mama ameniuliza kama nina ugomvi na karatasi. Kwa mtoto wa namna hiyo parsele ilikuwa faraja. Kila kona ilikuwa na kijiwe cha saruji kilichozikwa hadi shingoni, kichwa tu nje. Vijiwe hivyo tuliviita borni. Nilikuwa nakaa juu ya ile ya mbele, upande wa jirani, nafunga jicho moja, na kuufuata mstari usioonekana hadi borni ya nyuma.

Hasira ilikuja baadaye, na mpaka leo haijaondoka.

Uhuru ulipofika watu wa avenue yetu walicheza, kisha wakarudi nyumbani na kuvitazama vile vijiwe. Udongo wetu hauna mawe. Unaweza kuchimba choo kizima usikute jiwe la ukubwa wa ngumi. Mafiga ya kupikia yaliletwa kichwani kutoka kwenye maporomoko ya mto, au watu walitumia mabonge ya kichuguu, ambayo hupasuka siku ya mvua na kumwaga chakula. Na hapa, katika kila kona ya kila parsele, lilikaa jiwe zuri la saruji, jiwe la mzungu, na mzungu alikuwa anafunga masanduku yake. Hakuna aliyetoa amri. Mwanamke mmoja alichimba, wa pili akamwona, na kabla msimu haujageuka avenue nzima ilikuwa inapikia juu ya mipaka yake.

Mama alichukua matatu, kwa kuwa mafiga ni matatu. Baba alikuwa seremala, na hakupenda kuona kitu kikitolewa mahali pake. Alimkuta anasugua udongo kwenye la mwisho.

"Mama, ile ya mbele, upande wa kushoto, uache," alisema. "Tujue nyumba inaanzia wapi."

"Nyumba inaanzia kwa chungu," mama akajibu bila kuinua kichwa. Lakini ile aliiacha.

Mbili kati ya zile tatu zilikuwa za mpaka wetu na jirani wa mkono wa kulia, yaani zilikuwa zetu na zake. Jirani huyo ni Mgenia, mtoto wa wavuvi wa maporomoko, Mkristo, ambaye aliacha mitego akaja kupakia mizigo bandarini. Mimi namwita tonton, yaani mjomba. Siku hiyo aliegemea ua wa matete uliotutenganisha, akachungulia jikoni kwetu.

"Shemeji, unapika na mawe yangu. Donc pondu ya leo, nusu iko yangu."

"Chukua nusu ya moshi," mama akamwambia.

Alipelekewa sahani ya pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mambo yalikuwa hivyo. Ule ua wa matete ulifuata mpaka kwa kukumbuka tu, ukiegemea kwetu mwaka huu na kwake mwaka ujao. Watu wengine hawakuuona. Mimi uliniuma kama jino. Asubuhi nilikuwa natoka kwa siri kuunyoosha, na jirani akinikuta ananicheka kama mpimaji wa viwanja: "Madame jeometa! Umeamuka?"

Kisha waasi wakauchukua mji, na baadaye wakaja wengine kuuchukua kutoka kwao. Vita sitaieleza. Wapo walioiona wima. Mimi niliiona kutoka chini ya kitanda. Nitasema tu yaliyoigusa parsele yetu. Shule ilifungwa na sikurudi tena. Ninachokijua tangu wakati huo nimejifundisha kutoka kitabu kimoja cha useremala cha baba, cha Kifaransa, kisicho na jalada, ambacho nilikisoma neno kwa neno nikibahatisha. Ua wa matete uliishia jikoni, kwetu na kwa jirani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoka kutafuta kuni. Na baba akashikwa na tumbo la damu wakati hospitali ilikuwa ng'ambo ya risasi.

Alikufa mchana. Sisi ni watu wa misikiti ya zamani ya mji, uzao wa wafanyabiashara waliofika hapa kabla ya Wabelgiji, na kwetu maiti hangojeshwi. Lakini barabara ya makaburini ilikuwa imejaa askari. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa amejificha kwetu. Alisema tumzike hapohapo, nyuma ya nyumba. Jembe letu lilikuwa limeibwa. Jirani alikuja na la kwake bila kuitwa, akavua shati, akaanza kuchimba kabla baba mdogo hajamaliza kumshukuru.

Hapa ndipo penye jambo lote, na nataka nilieleze sawasawa. Kwetu maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Makka. Kutoka Mangobo, Makka iko kulia kidogo kwa barabara ya Banalia. Baba mdogo alinyoosha mkono kuelekea huko, akageuka, akaburuta kisigino chini kuonyesha shimo lianzie wapi na liishie wapi. Lakini Wabelgiji hawakuikata sabuni yao kwa kufuata Makka. Waliikata kwa kufuata avenue. Kwa hiyo kaburi lilikaa mshazari ndani ya parsele, kama kijiti kilichoangushwa ndani ya sanduku. Wangechimba sambamba na ukuta wa nyumba, lingetosha na nafasi ikabaki. Wao walichimba kwa kufuata kibla, pasipo borni wala ua wa kuwaambia jambo lolote, huku milio ikisikika upande wa mto. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni pamoja na mama. Nilichokiona ni migongo miwili.

Mji hauruhusu kaburi ndani ya parsele. Haukuruhusu zamani, haukuruhusu hata baada ya uhuru. Mama hakutaka mtu aje kumfukua mume wake. Mvua ya kwanza ilipoanguka alichomeka matembele juu ya tuta. Yalitambaa, yakafunika, na mpita njia hakuona ila bustani ya mboga. Hatukuyala. Jirani naye aliwakataza watoto wake kuyachuma, bila kuwaambia kwa nini.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Mji ulibadilishwa jina, baba mdogo alihamia Banalia kulima, jirani akapoteza kazi yake bandarini. Ndipo mtu wa komini, ofisi ya utawala ya mtaa, alipopita avenue yetu na filimbi. Alitangaza kwamba parsele zote zitapimwa upya. Kila mwenye parsele aonyeshe borni zake nne na afunge ua juu ya mstari. Isiyo na borni na ua itahesabiwa haina mwenyewe, apewe mwingine.

Nilikasirika kiasi kwamba masikio yalivuma. Wakati baba anazikwa, komini ilikuwa wapi na filimbi yake? Hakuna aliyekuja kuuliza kama tuna maji ya kumwosha. Leo wamekuja kuuliza kona.

Nikafanya kile ninachofanya nikiogopa: nikapima. Kitabu cha baba kinaonyesha jinsi ya kupata kona kamili kwa kamba yenye mafundo, nafasi tatu upande huu, nne upande ule, na tano zinafunga. Borni ya baba, ile aliyomwomba mama aiache, ilikuwa bado mahali pake. Nilianzia hapo, nikafuata avenue kwa upana wa parsele hadi mahali palipokuwa na ile ya upande wa jirani, nikageuza kamba, nikaenda moja kwa moja kuelekea nyuma. Kamba ilipita juu ya matembele. Ilimkata baba chini ya magoti.

Nilirudia. Nililowesha kamba kwa sababu kamba kavu hudanganya, nikarudia tena. Nilikaza mpaka viganja vikachubuka. Maisha yangu yote nimeogopa kukosea, na siku hiyo nilimwomba Mungu niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikaikunja kamba, ncha kwa ncha.

Mama alikuwa anatwanga makemba, ndizi za kupika, atengeneze mabonge ya lituma, nilipomwambia. Mchi haukusimama.

"Na ulipima upate nini?"

"Nijue."

"Bon. Sasa unajua. Baba yako amepata nini?"

Nikageuka mbaya. Nilimlaumu baba mdogo, nikasema angegeuza kisigino chake kidogo tu. Mama aliuweka mchi chini, na alivyonitazama nilijua kwamba nikiendelea nitasema neno ambalo litanifuata hadi kaburini kwangu mwenyewe. Nikatoka nje. Nilipiga ukuta teke. Ukuta ni wa udongo, mguu ukaingia, na jioni nilikuwa naziba tundu langu, nikilisawazisha, nikilisawazisha tena.

Kesho yake jirani alikuja, akakaa kwenye kibao jikoni, mbele ya yale mafiga. Hakutania.

"Shemeji, tuongee. Wanasema parsele yenye kaburi haipate karatasi. Na mi sina kazi. Ile parsele njo kitu moja niko nayo ya kuachia batoto."

"Ninakusikia," mama alisema.

"Mguu ya kaka iko kwangu. Sisi wote tunajua. Tumutoe na heshima, tumupeleke makaburini. Mi mwenyewe nitabeba."

"Mutu mwenye amelala anaangalia Makka, hawamuamushe juu ya karatasi."

Nikalipuka. Mbele ya mama, kwa mtu mzima, nilipaza sauti. "Tonton, wewe njo ulichimba! Jembe ilikuwa yako!"

"Njo maana ninakuja kusema, mutoto. Kama haikuwa jembe yangu, ningeenda komini kimya kimya." Alinigeukia. "Mi nilikuona na kamba. Ilisema nini?"

Mama alinitazama. Jirani alinitazama. Kamba yangu ilikuwa upande wake, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Ningeweza kudanganya. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mdomo wangu ni kama mkono wangu, hauwezi kuacha kitu kimepinda, kwa hiyo niliufunga. Aliuelewa ule unyamavu. Akainuka, akamuaga mama kwa adabu, akaondoka bila kunitazama. Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na watoto na mimi nilikuwa nawajua wote.

Mpimaji alifika asubuhi ya ukungu, kijana kuliko nilivyotazamia, na kioo chake juu ya miguu mitatu, mnyororo wa kupimia, na wasaidizi wawili wenye fimbo za rangi nyekundu na nyeupe. Aliuliza borni ziko wapi. Mama aliinua chungu, akamwaga maji juu ya makaa, akayabeba mafiga moja moja na kuyaweka miguuni pake, meusi, yakitoa mvuke.

"Mama!" kijana alisema. "Mmepikia mali ya État, ya serikali?"

"Hata État inakula," jirani akasema kutoka kwenye parsele yake, na wasaidizi wakacheka.

Wakaanza. Walianzia kwenye borni ya baba, kama mimi. Walipata kona ya mbele palepale nilipoipata mimi, na ya nyuma palepale. Sikusikia fahari yoyote. Kisha mpimaji akaweka jicho kwenye kioo na kumwelekeza msaidizi kwa kiganja, kulia, kidogo, simama, ili apige kigingi cha chuma katikati, ua uufuate mstari. Msaidizi alisimama juu ya matembele.

"Hapa iko nini?" aliuliza.

"Tuta ya matembele," mama alisema.

Msaidizi akainua nyundo. Mama alitembea, hakukimbia, akakaa. Alikaa juu ya majani, juu ya mstari wenyewe, akanyoosha miguu, akafunika magoti kwa kitenge.

"Mama, toka kwa mustari," mpimaji alisema.

"Piga. Piga tu."

"Mama, tuko kazini."

"Bwana yangu iko hapa," mama alisema, na akapapasa majani kama mtu anayepapasa shuka.

Yule msaidizi aliruka pembeni kama aliyekanyaga moto. Mpimaji alivua kofia, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka hii yote kumfanya awe mbaya na nimeshindwa. Alisema ana pole. Alisema pia kwamba lazima aandike alichokikuta, kwa kuwa wakubwa wake wanaweza kuja kukagua, na kaburi likiandikwa, komini italitoa.

"Mustari si inaweza kuzunguka," mama alisema.

"Mpaka hauna tumbo, mama. Unatoka borni unaenda borni."

Nilitaka kumrukia. Nilikuwa nimeshika kamba yangu yenye mafundo, sijui kwa nini niliibeba, na nilikuwa naivuta hadi inakata vidole. Ndipo jirani alipovuka mahali palipokuwa na ua zamani, akaushika ule mkono wa msaidizi wenye kigingi, akakitoa kigingi taratibu.

"Papa mupimaji," alisema, "kwetu kule maporomoko, kila jamaa iko na mahali yake ya kutega. Mustari hakuna. Ya babu yangu inaanzia jiwe moja inaishia jiwe ingine, na katikati kuna jiwe ya jamaa ingine. Tunaizunguka. Kila siku tunaizunguka."

"Mimi sipimi maji."

"Najua. Donc nikuulize. Ile mguu iko upande ya nani?"

Mpimaji alitazama fimbo zake. "Yako."

"Nani anaweza kushitaki?"

"Wewe."

"Mi sishitaki. Andika parsele yangu, kona nne. Andika ya mama, kona nne. Matembele usiandike. Kwa karatasi yako matembele haina nafasi."

Mpimaji alimtazama mama aliyekaa chini, kisha akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Akasema wapande borni. Mafiga yetu matatu yakarudi kwenye kona zake, yakiwa bado na masizi. Akachora juu ya ubao wake, na nilipochungulia niliuona mchoro: mapande mawili yaliyolingana, yamegusana ubavu, kona safi, hakuna kitu ndani. Ulikuwa mzuri. Mungu anisamehe, ulikuwa mchoro mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona, na nilitamani kuuchana. Baba yangu hakuwemo. Kama angekuwemo, wangemtoa. Aliokoka kwa sababu ile karatasi haina macho, na mimi nilitakiwa kushukuru kwa upofu huo, na sikushukuru.

Siku hiyo hatukuwa na mafiga, tukala ndizi mbivu. Kesho yake jirani alishuka mtoni akarudi na mawe matatu ya maporomoko. Aliyaweka jikoni, akamwambia mama, "Haya ni ya kwenu peke yenu. Pondu silipwi tena."

"Nani alikwambia hulipwi?" mama akasema. Nilimsikia anacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya filimbi.

Jirani ndiye aliyepanda ua, wa miti ile ambayo ukichomeka kijiti tu kinaota. Ulitoka borni ya mbele ukiwa umenyooka, ukafika kwenye matembele, ukaingia kwake, ukazunguka miguu ya baba, ukarudi kwenye mstari na kuendelea hadi nyuma. Komini walikuja, wakaona ua, wakaona borni, wakaenda zao. Baadaye aliwaita watoto wake wote, akawapitisha mmoja mmoja kando ya ule mkunjo, kama yeye alivyopitishwa na babu yake kwenye mawe ya mto. "Hapa tunazunguka," alimwambia kila mmoja, na kila mmoja alirudia. Mdogo wao alirudia kwa kuimba. Kisha akaniita mimi.

"Mi ninajua, tonton," nilimwambia kwa ukali. "Mi njo nilipima."

"Pita," alisema.

Nikapita. Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya hasira, naye akaikubali hivyohivyo.

Sasa anakohoa, na amepungua. Karatasi ya parsele ataiachia watoto, na karatasi hiyo inasema kona nne. Ule mkunjo upo midomoni tu. Siku moja mmoja wao atauza, na mnunuzi atakuja na mpimaji mwingine, na watanyoosha. Hili nalijua kama nilivyojua kamba itapita wapi. Linanitoa usingizini. Nawakasirikia hata ambao hawajazaliwa.

Kukata ua ni kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye mkono sawa. Kila mvua zikizidi nachukua panga, naanzia borni ya mbele, naenda vizuri, majani yanaanguka, mstari unatoka safi. Nikifika kwenye mkunjo mkono unataka kuendelea mbele. Haujajifunza. Nasimama, nasikia jirani anakohoa kwenye kiti chake upande wa pili.

"Madame jeometa! Usinyooshe!"

"Sinyooshi!" namjibu, na ninaligeuza panga kuufuata mkunjo.